Je, Wajua? Chumba kinachowanyima maharamia mateka

Gari kutoka Japani linaloegeshwa leo Mutanga Sud, Bujumbura, mara nyingi limevuka Bahari ya Hindi hadi Dar es Salaam, kisha likala zaidi ya kilomita 1,400 za barabara. Kwa hiyo uharamia wa Somalia katika bahari hiyo ulitugusa hata sisi Warundi tusio na pwani.

Mabaharia hujilindaje? Huzungushia meli seng'enge, huongeza kasi, na mambo yakizidi hujifungia wote katika chumba imara chenye maji, chakula na redio. Aprili 2010, mabaharia wa meli ya Kijerumani Taipan walifanya hivyo. Maharamia walipanda, lakini hawakupata hata mateka mmoja wa kujikinga naye! Makomando wa Uholanzi wakashuka kwa kamba kutoka helikopta, wakawakamata wote kumi.