Afya ya Udongo: Tupime Dalili Zipi?

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Milimani, Nakuru

Ndugu mkulima, ukienda kununua ng'ombe wa maziwa hutazami rangi yake tu. Unatazama kiwele, meno na kwato, kisha unauliza anatoa maziwa kiasi gani. Lakini wengi wetu tukitaka kujua hali ya shamba, tunahesabu magunia tu. Hayo hayatoshi. Mvua njema huweza kuficha udongo mbaya mwaka mmoja au miwili, na ukweli ukionekana, fedha za mbolea zimekwisha.

Zamani wataalamu walipima hasa chakula cha mimea: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Tangu miaka ya 1990 wamezidi kutafuta dalili chache za namna tatu: za kemia, za umbile la udongo, na za viumbe waishio ndani yake. Mwaka 2018 wataalamu wa Ulaya walilinganisha njia nyingi za kupima udongo, wakaona dalili mbili zachaguliwa kuliko zote: mboji, na asidi, ambayo kipimo chake huitwa pH.

Kwa nini hizo? Mboji hushika maji na chakula cha mimea. Asidi nayo ikizidi, pH ikashuka chini ya 5.5, aluminiamu huumiza mizizi na fosforasi hufungwa. Hapo ukitia mbolea ya DAP, sehemu kubwa haifikii mahindi. Tena DAP yenyewe huongeza asidi. Dawa yake ni chokaa ya shamba, lakini usiitie kabla ya kupima, maana chokaa ikizidi pia ni hasara.

Huko Kabete, jaribio la mahindi na maharagwe lililoanzishwa mwaka 1976 limetuonyesha kwamba mbolea ya dukani peke yake haizuii mboji kupungua. Palipotiwa samadi, ilipungua polepole zaidi.

Usidhani kwamba macho ya mkulima hayana kazi. Utafiti wa Chuka na Gachoka, uliotangazwa mwaka 2007, uliweka dalili za wakulima kando ya vipimo vya maabara. Wakulima walitaja rangi ya udongo, mavuno, na magugu yaotayo. Kwa sehemu kubwa maabara ilikubaliana nao. Hata hapa kwetu, mukengeria ikinawiri, wazee husema udongo una nguvu.

Basi chagua dalili yenye sifa tatu: ibadilike ukibadili ukulima wako, uweze kuipima tena mwaka ujao kwa njia ile ile, na ikuambie la kufanya. Rangi ya udongo hukueleza mengi, lakini hubadilika polepole mno. Hizi hapa waweza kuzipima nyumbani:

1. Tia bonge la udongo mkavu katika glasi ya maji. Likivunjika mara moja, mboji ni haba.
2. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande baada ya mvua, uhesabu nyungunyungu.
3. Pigilia ardhini kopo lililotobolewa pande zote mbili, mimina maji, utazame saa. Yakichelewa kuzama, udongo umeshikana.

Asidi yataka maabara, kama ile ya KALRO, Kabete. Hapa ndipo wengi hukosea. Mkulima mmoja alituletea udongo aliouchota kando ya boma la ng'ombe. Majibu yalilisifu shamba, na mahindi yake yalikuwa ya manjano. Mashamba yetu mengi ya makazi yalikatwa kutoka mashamba makubwa baada ya 1962. Eka moja yaweza kuwa na boma la kale upande huu, na upande ule udongo uliolimwa ngano miaka mingi. Usivichanganye. Kwa kila sehemu chota mahali 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, mbali na samadi na vichuguu. Changanya katika ndoo safi, utoe nusu kilo, uandike jina la sehemu.

Mwisho, nunua daftari. Kipimo kimoja ni habari tu. Vipimo vya miaka mitatu vitakuonyesha kama udongo utakaowarithisha watoto unapona au unakufa.