Bukari inatoka wapi?



Leo jioni, mkikaa kula, mwulizeni mtoto: «Bukari hii inatoka wapi?» Wengi watajibu: «Katika mfuko.» Msiwacheke. Zamani, katika kambi za wafanyakazi wa mgodi, unga ulitolewa kama posho kila mwezi. Watoto walikua wakiuona mfuko, hawakuliona shamba. Siku hizi tunanunua sokoni, lakini shamba bado liko mbali na macho yao. Na asiyejua safari ya chakula chake anaweza kula ugonjwa bila kujua.

Hapa Lubumbashi mahindi mengi yanavuka mpaka kutoka Zambia. Samaki wa Mto Luapula na wa Ziwa Mweru wanapitia Kasenga. Mihogo inatoka vijijini, nasi tunachanganya unga wake na ule wa mahindi. Tuifuate hiyo mihogo, maana njiani mwake kuna hatari.

Sumu iliyo ndani ya mihogo

Mihogo yote, zaidi ile michungu, ikikatwa au ikipondwa hutoa sumu inayoitwa sianidi. Mkulima anaipenda michungu kwa sababu wanyama na wezi hawaisumbui sana. Bibi zetu walijua namna ya kuitoa sumu hiyo: mihogo ilowe majini siku tatu au zaidi mpaka ilainike, ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, ndipo itwangwe au isagwe. Siku tatu hizo si desturi ya bure. Ndizo zinazoitoa sumu.

Hatari inaingia pamoja na haraka. Bei imepanda, lori linangoja, mihogo inatolewa majini baada ya usiku mmoja tu. Unga wake ni mweupe kama mwingine, na macho hayaoni tofauti.

Huko Kwango, mwaka 1938, munganga Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa ambao watu wa huko wanauita konzo. Kwa Kiyaka maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, na asubuhi miguu yake imekakamaa. Haiponi tena maisha yake yote. Unawapata zaidi watoto walioacha kunyonya na wamama ambao bado vijana, waliokula mihogo isiyolowa vizuri majuma mengi, bila samaki, nyama wala maharagwe. Maana mwili unahitaji vyakula hivyo ili kuishinda sumu.

Konzo ni ugonjwa wa vijiji vyenye njaa zaidi kuliko wa miji. Lakini hata mjini, unga mbaya unaweza kumpa mtu kizunguzungu na kutapika saa chache baada ya kula.

Fanyeni hivi

1. Mwulize muuzaji: «Mihogo hii ililala majini siku ngapi?» Nunua kwa yule unayemjua na anayejibu bila kusitasita.

2. Ukiwa na mashaka juu ya unga wa mihogo, ukoroge na maji mpaka ulowe wote. Utandaze juu ya sinia, usizidi unene wa kidole. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5, halafu upike bukari siku ile ile. Sumu inaondoka na hewa. Njia hii ilitumiwa katika vijiji vya Popokabaka kuzuia konzo.

3. Majani ya mihogo pia yana sumu. Twanga sombe vizuri sana, uichemshe muda mrefu, na usifunike chungu.

4. Bukari isiliwe peke yake kila siku. Ndakala kidogo, maharagwe au karanga vitamlinda mtoto.

5. Mtu akitapika au akizungukwa na kichwa baada ya kula mihogo, mpelekeni hospitali mara moja. Chukueni na unga uliobaki, mwonyesheni munganga.

Mtoto naye ajifunze

Siku ya mapumziko, baba, mchukue mtoto shambani. Ang'oe muhogo kwa mikono yake, auweke ndani ya ndoo ya maji, ahesabu siku tatu mwenyewe. Kila siku augusie kidole aone unavyolainika. Mwambie asiule mbichi, na maji yale yamwagwe mbali na kuku na mbuzi. Somo hilo hatalisahau.

Kazini huingii chini ya ardhi bila kuuliza kama dari limekaguliwa. Nyumbani pia, kabla ya kuweka chungu motoni, uliza: chakula hiki kimetoka wapi, na njiani kilifanywa nini? Swali hilo ni kofia ya usalama ya watoto wako.