Mwanasesere anayemkumbusha mkunga kazi

Mtoto amezaliwa, lakini halii. Nje kwenye benchi bibi na mashangazi wanatega masikio, kanga ziko tayari mapajani. Ndani, mkunga ana dakika moja tu, na wenyewe wanaiita dakika ya dhahabu. Amkaushe mtoto, amsugue mgongo, na akiona bado hapumui, amfunike pua na mdomo kwa barakoa ndogo aanze kumpulizia hewa kwa mfuko wa mpira.

Sasa jiulize, msomaji, mkunga huyo alifanya hivyo mara ya mwisho lini? Watoto wengi hulia wenyewe. Wanaohitaji kupuliziwa hewa ni wachache, kwa hiyo mtu anaweza kumaliza zamu nyingi bila kukutana na hata mmoja. Mikono husahau.

Mwaka 2010, wahudumu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Walijifunza kwa mwanasesere anayejazwa maji ili awe na uzito wa kichanga. Mwalimu akiminya vipira vilivyounganishwa naye, mwanasesere analia, anapumua au kitovu kinadunda. Kichwa kikilazwa vibaya au barakoa ikivuja, kifua hakiinuki, na kila aliyepo anaona.

Miezi saba baadaye walipimwa. Mbele ya mwanasesere walikuwa wamepiga hatua nzuri. Kwenye chumba cha kujifungulia, kwa watoto wenyewe, hali ilikuwa ile ile.

Hapa ndipo wengi wetu tungeitisha semina nyingine. (Tunazipenda: posho, cheti, picha ya pamoja.) Haydom walifanya jambo dogo zaidi. Kuanzia 2011 mazoezi yalihamia kazini: dakika tatu hadi tano kila wiki, na kama dakika 40 mara moja kwa mwezi, wakisimamiwa na wenzao wa hapo hapo. Hakuna aliyesafiri. Ukikosea, unakosea kwa mwanasesere, mwenzako anakurekebisha, unarudia, kisha unakwenda kumpokea mama aliyefika na uchungu.

Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wanaosuguliwa mapema waliongezeka, na waliohitaji mfuko wa hewa wakapungua. Dawa hazikuwa mpya, mashine hazikuwa mpya.

Kwa hiyo mama mjamzito, siku moja ukipita kliniki ukamkuta mkunga mtu mzima ameinama juu ya mwanasesere, anahesabu pumzi kwa sauti, usimcheke wala usinung'unike kwamba foleni haisogei. Anajiandaa kwa mtoto wako.