Kifupisho "a.m." na Saa ya Kiswahili

Miaka kadhaa iliyopita nilibandika tangazo la safari ya wanafunzi kwenda Mombasa: "Basi litaondoka saa 5:00 a.m." Tuliondoka Kampala saa kumi na moja alfajiri, kiti kimoja kikiwa kitupu. Mwenye kiti hicho alifika na begi lake saa tano kasoro robo asubuhi, akiamini amewahi. Alikuwa amesoma tangazo kwa Kiswahili, nami nililiandika kwa Kiingereza nikaweka neno "saa" mbele yake. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo huwa silipuuzi somo hili.

Maana yake

Herufi a.m. ni kifupisho cha maneno ya Kilatini "ante meridiem", yaani kabla ya adhuhuri. Mwenzake ni p.m., "post meridiem", baada ya adhuhuri. Kwa hiyo siku ya Kiingereza hugawanywa mara mbili: usiku wa manane hadi adhuhuri, kisha adhuhuri hadi usiku wa manane. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kupambazuka na tangu kuchwa. Huku kwetu karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hivyo hesabu hii haina taabu.

Matumizi

Tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni saa sita. Anayetazama saa ya mishale asome namba inayoelekeana na ile inayoonyeshwa na mshale mfupi. Baada ya hapo ataje kipindi cha siku:

2 a.m. – saa nane usiku
5 a.m. – saa kumi na moja alfajiri
8 a.m. – saa mbili asubuhi
11 a.m. – saa tano asubuhi
1 p.m. – saa saba mchana
5 p.m. – saa kumi na moja jioni
9 p.m. – saa tatu usiku

Tazama kwamba a.m. imezaa maneno matatu tofauti: usiku, alfajiri na asubuhi. Ndiyo maana si sahihi kumwambia mwanafunzi kuwa "a.m. ni asubuhi". Akiamini hivyo, ataandika "saa nane asubuhi", saa ambayo haipo.

Mambo mawili ya kuangalia

Kwanza, 12 a.m. na 12 p.m. huwatatiza hata Waingereza wenyewe, kwa kuwa adhuhuri yenyewe haiko kabla wala baada ya adhuhuri. Kiswahili hakina utata huo: saa sita mchana, saa sita usiku.

Pili, tarehe. Kwa Kiingereza, 2 a.m. ya Jumapili tayari ni Jumapili. Katika Kiswahili ni salama zaidi kusema "saa nane, usiku wa kuamkia Jumapili".

Ushauri kwa walimu

Wanafunzi wetu wengi wanaijua saa hii kabla hawajaingia darasani. Mzungumzaji wa Luganda husema "ssaawa bbiri ez'oku makya" huku simu yake ikionyesha 8:00. Neno ni lile lile na hesabu ni ile ile. Tunapomfundisha kwa kupitia Kiingereza, tunamzungusha njia ndefu kumfikisha mahali alipokuwa amesimama. Tuanzie kwenye lugha yake.

Katika maandishi, tusichanganye. Ukiandika kwa Kiingereza, andika "5:00 a.m." bila neno "saa". Ukiandika kwa Kiswahili, andika "saa 11:00 alfajiri" na uache vifupisho vya Kilatini. Ikiwa tangazo ni la wote, weka mistari miwili, kila lugha na wake.

Zoezi: Mhadhara utaanza 10 a.m. na kumalizika 12 p.m. Andika tangazo lake kwa Kiswahili, kisha mpe mwenzako alisome na akuambie atafika saa ngapi.