Muguka umeruhusiwa, mfuko wake umeharamishwa

Kuna bidhaa moja nchini Kenya ambayo sheria huikubali kwa mkono mmoja na kuikataa kwa mkono wa pili. Majani yake ni halali. Mfuko unaoyabeba ni haramu. Bidhaa hiyo ni muguka. Anayetaka kuushuhudia mkanganyiko huu hana haja ya kwenda mbali. Na apite alasiri yoyote katika vichochoro vya Kibera, kutoka Makina hadi Laini Saba, au ashuke katika kituo cha 46 kule Kawangware. Atawakuta wachuuzi vibandani mwao, majani mabichi yamefungwa katika vijifuko vyembamba vya sandarusi, na kando yake njugu karanga na chingamu. Ifikapo usiku majani yatakuwa yamekwisha kutafunwa, na vijifuko vitakuwa mtaroni.

Leo nataka kuzungumza juu ya vijifuko hivyo, wala si juu ya wanaotafuna. Suala la iwapo muguka wafaa ama haufai limekwisha kupata watetezi na wapinzani wa kutosha. Itakumbukwa kwamba mwezi wa Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliupiga marufuku katika kaunti zao. Rais William Ruto akatangaza kuwa amri hizo hazina nguvu, kwa sababu zao hilo linatambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 pamoja na Kanuni za Miraa za 2023, na Mahakama Kuu ya Embu nayo ikaagiza marufuku hayo yasimamishwe. Upande mmoja ulitaja afya ya vijana wa Pwani, upande wa pili ukataja riziki ya mkulima wa Mbeere. Kila upande ulikuwa na hoja nzito. Lakini katika majibizano yale yote sikusikia mtu akiuliza taka za biashara hii hubebwa na nani.

Na swali hilo si dogo, kwani zamani halikuwapo. Miraa ya vijiti inayotoka katika vilima vya Nyambene, huko Igembe na Tigania, ina desturi yake ya kufungashwa. Vijiti hukusanywa vikawa vitita, vitita vikafungwa kwa nyuzi za mgomba, kisha vikazungushiwa majani ya mgomba ili visinyauke. Kwa vazi hilo miraa ilisafiri kutoka Maua hadi Nairobi, ikavuka mpaka hadi Mogadishu, na mpaka Juni 2014, Uingereza ilipoipiga marufuku, ilifika London ingali mbichi. Jani la mgomba likitupwa, mbuzi hulila. Mbuzi asipoliona, huoza likawa mbolea. Hakuna bunge lililohitaji kukaa ili kulitungia sheria.

Muguka una tabia nyingine. Ni majani machanga yaliyochumwa moja moja, hayafungiki kwa uzi kama vijiti, na jua la saa chache tu huyakausha. Mfuko wa sandarusi huushika unyevu, humwonyesha mnunuzi anachonunua, na bei yake ni ndogo mno. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kupendwa kwake.

Sababu ya pili ni mfuko mwingine, yaani ule wa mnunuzi. Katika mitaa kama Kibera na Kawangware watu wengi hupata kwa siku na hununua kwa siku. Wenyewe huita uchumi wa kadogo. Tuchukue mfano wa sabuni ya unga. Mwenye mshahara wa mwezi hununua kilo mbili kwa mara moja na kubaki na mfuko mmoja wa kutupa. Mwenye kibarua hununua kipakiti cha gramu thelathini. Mpaka afikishe kilo hizo mbili atakuwa ametupa vipakiti zaidi ya sitini. Wote wawili wamefua nguo zile zile. Basi mtu asimame Lavington na kusema kuwa jirani yake wa Kawangware ni mchafu! Taka zile hazikuzaliwa na tabia, zimezaliwa na kipimo. Tanzania iliung'amua ukweli huu ilipopiga marufuku viroba vya pombe kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Udogo wa kiroba ndio uliofanya pombe kali iingie katika mfuko wa shati la mwanafunzi, na udogo huo huo ndio uliotapakaza viroba vitupu njiani.

Mwaka huo huo Kenya nayo ilichukua hatua yake. Kwa tangazo nambari 2356 la Gazeti Rasmi, la tarehe 28 Februari 2017, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, Profesa Judi Wakhungu, alipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa madukani na nyumbani. Amri ilianza kutekelezwa tarehe 28 Agosti. Adhabu yake iliwashangaza walimwengu: faini ya kati ya shilingi milioni mbili na milioni nne, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na minne, au vyote viwili. Sitaki kuidharau sheria hiyo. Ilileta mabadiliko ambayo kila mwenye macho aliyaona. Mikoba ya kushonwa ilirudi mikononi mwa wanunuzi, na ile mifuko iliyokuwa ikipepea juu ya miti na nyua kama bendera za taifa lisilo na jina ilipungua sana.

Hata hivyo, vijifuko vyembamba vinavyoonya havikutoweka. Shirika la kitaifa la mazingira, NEMA, limelalamika mara nyingi kwamba mifuko hiyo huingizwa nchini kwa siri kupitia mipakani. Ikishaingia hupita mikononi mwa wenye maghala na wauzaji wa jumla, na ndipo inapomfikia mchuuzi. Katika mnyororo huo wote, anayeonekana kwa urahisi ni yule wa mwisho, mwenye kibanda na bunda la mifuko chini ya meza. Tumwulize hakimu: faini ya milioni mbili italipwaje na mtu ambaye bidhaa yake yote haifiki shilingi elfu kumi? Haiwezi kulipwa. Na adhabu isiyoweza kulipwa hugeuka kuwa kitisho, na kila kitisho kina bei yake ya kununuliwa pale pale kibandani. Mwenye masikio amesikia.

Sasa tukifuate kijifuko chenyewe. Kibera imekaa katika bonde la mto Motoine, ambao humwaga maji yake katika Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953, na palikuwa na wakati ambapo watu walishindana humo kwa mashua za tanga. Baadaye likazibwa na matope, taka na magugu. Maji yanayopenya hutoka yakiitwa mto Ngong, yakaungana na mto Nairobi, ambao huzoa pia maji ya Kawangware. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, na Galana ikawa Sabaki, ambayo huingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Malindi imo katika Kaunti ya Kilifi. Kaunti iliyosema mwaka wa 2024 kuwa haitaki muguka mlangoni pake ndiyo iliyoko mwisho wa njia ya maji ya mitaa inayoutafuna Nairobi. Maji hayasomi amri za magavana.

Sisemi kwamba kila kijifuko hufika baharini. Vingi hubaki njiani, na hapo ndipo madhara yalipo kwa wakazi. Mfereji uliozibwa kwa sandarusi hauna kazi siku ya mvua. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 wakazi wengi wa mabondeni jijini walipoteza vyombo, vitanda na hata jamaa zao. Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, nami siwezi kuitwika plastiki lawama yote. Lakini maji yaliyonyimwa mtaro hutafuta mlango wa nyumba. Malori ya taka hayaingii vichochoroni, hivyo kazi huachiwa vikundi vya vijana wenye mikokoteni na magunia. Wanachokusanya huishia Dandora, jalala lililofunguliwa mwaka wa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, lakini malori hayakuacha kwenda.

Wako watakaosema kuwa dawa ni kuuwekea muguka kanuni za ufungashaji kama zinavyofanya nchi tajiri. Tuitazame Kanada. Ilipohalalisha bangi mwezi wa Oktoba 2018, serikali iliagiza kila chombo kiwe kigumu kwa mtoto kukifungua, kisionyeshe kilichomo ndani, kiwe na muhuri, na kibandikwe maonyo. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake gramu moja ya majani makavu ikawekwa ndani ya chombo kizito kuliko majani yenyewe mara kadhaa. Wanunuzi wakalalamika, na baadhi ya kampuni zikalazimika kuweka mapipa madukani ili kukusanya vyombo vitupu. Sheria ilimfikiria mtoto asile kilichomo, ikasahau kufikiria chombo kitalala wapi kikiisha kazi. Hapa kwetu bangi ingali haramu chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994. Lakini muguka, ulio halali, umekwisha kutufundisha somo hilo hilo bila ya chombo kigumu wala muhuri.

Tuna chombo cha kisheria ambacho kingeweza kutusaidia. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, pamoja na kanuni zilizoifuata mwaka wa 2024, imeleta wazo la haki: anayeingiza sokoni bidhaa iliyofungashwa abebe jukumu la kifungashio chake hadi mwisho wake. Mwenye kiwanda cha soda au sabuni anaweza kuitwa akajibu. Lakini ni nani atakayeitwa kwa ajili ya kijifuko cha muguka? Aliyekiunda hajulikani, aliyekivusha mpakani amejificha, na mkulima wa Embu atasema yeye aliuza majani tu. Mfuko wa magendo ni mtoto asiye na baba, na mtoto wa namna hiyo hulelewa na mtaa.

Ndiyo maana naamini kwamba muguka hauna budi kupewa kifungashio halali kinachotajwa kwa jina. Nitaulizwa majani ya mgomba yatatoka wapi jijini. Nitajibu kwamba huja kila siku pamoja na miraa ya Meru, na migomba haikosekani Embu. Isitoshe, si lazima kila kipimo kidogo kiwe na jani lake. Mchuuzi anaweza kuweka shehena yake katika gunia lenye unyevu lililotandikwa majani ya mgomba, akampimia mteja katika karatasi ya kaki au katika mkebe aliokuja nao mwenyewe. Muguka haununuliwi ili ukae wiki. Hutafunwa siku ile ile. Nao mkono wa NEMA ungefaa kuanzia mpakani na katika maghala, ukimalizia kibandani, badala ya kuanzia kibandani na kuchoka hapo hapo. Na kwa kuwa kaunti hutoza ushuru wa mazao, sehemu ya ushuru unaotokana na majani haya ingefaa kuwarudia wale vijana wa mikokoteni wanaosafisha yanayoachwa nyuma.

Walimu wa Kibera na Kawangware wana nafasi yao katika jambo hili. Wanafunzi wa darasa moja wanaweza kwa wiki moja kuuchunguza mtaro mmoja ulio karibu na shule, kwa macho na kalamu, si kwa mikono, wakaandika vifungashio vya aina gani vimo, vingapi, na vipi vina jina la mwenye kiwanda. Mwalimu wa hesabu atapata jedwali, mwalimu wa jiografia atapata ramani ya safari ya kutoka Motoine hadi Sabaki, na mwalimu wa Kiswahili atapata barua ya kumwandikia mwakilishi wa wadi. Barua yenye hesabu ya mtaro unaojulikana ni vigumu kuitupa kapuni kuliko malalamiko ya jumla.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Mabishano juu ya muguka yatarudi, kortini na majukwaani, na huenda siku moja yakaja pia ya bangi. Yatakaporudi, naomba walau mbunge mmoja asimame kabla ya kura kupigwa na kuuliza: majani haya yatafungwa kwa nini, na kifungio chake kitaokotwa na nani?