Baridi Yabisi na Hali ya Hewa

Lugha ya Kiswahili imekwisha kuitolea hukumu kesi hii. Maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, maneno yenye asili ya Kiarabu yanayotaja ubaridi na ukavu. Nazo ni mbili kati ya sifa nne ambazo kwazo matabibu wa Kiyunani, na wa Kiarabu baada yao, walieleza maradhi. Kwa hiyo mzee akandwaye magoti na kusema kwamba mvua i karibu, ana historia ndefu nyuma yake. Je, anao ushahidi?

Goti limefungwa ndani ya mfuko wenye ute unaolainisha gegedu. Inadhaniwa kwamba kanieneo ya hewa, yaani nguvu ya hewa ikandamizayo kila eneo, ipunguapo kabla ya dhoruba, sehemu zilizovimba hutanuka kidogo na kuibana mishipa ya fahamu. Maelezo haya yanavutia, lakini na yapimwe kwa tarakimu. Kwenye usawa wa bahari kanieneo ni milibari 1,013 hivi. Katika nchi za ikweta hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa milibari 3 hivi, mvua iwepo isiwepo. Mwalimu mwenye baromita aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa kuisoma saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Arusha, karibu mita 1,400 juu ya bahari, hupungukiwa na milibari 150 hivi. Hakuna dhoruba ifanyayo hivyo. Kama kanieneo peke yake ndiyo ingekuwa chanzo, kituo cha mabasi cha Arusha kingejaa watu wasioweza kuinuka vitini.

Mwaka 1996 Donald Redelmeier na Amos Tversky walitangaza kwamba wagonjwa 18 waliofuatiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja hawakuonyesha uhusiano wowote. Binadamu, walisema, huikumbuka siku ambayo mvua na maumivu vilikutana, akaisahau ile visipokutana. Hoja ni nzuri, ila wagonjwa 18 ni wachache mno. Mwaka 2014, huko Sydney, watu 993 walioshikwa ghafla na maumivu ya mgongo walichunguzwa: mvua, joto, unyevu na kanieneo havikuwa na athari, upepo mkali tu ulikuwa nayo, tena ndogo. Kisha mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Manchester kilitoa matokeo ya watu 2,658 wenye maumivu ya muda mrefu, walioandika hali zao katika simu. Hapo unyevu ulionekana kuongeza maumivu, ukifuatiwa na kanieneo ndogo na upepo. Unyevu, si ukavu! Lakini kama uwezekano wa kuumwa siku ya kawaida ni 5 kwa 100, siku ya unyevu na upepo huwa 6 kwa 100.

Hali ya hewa, basi, huenda ikachochea kidogo maumivu yaliyokwisha kuwapo. Ugonjwa wenyewe una chanzo kingine. Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Mwanafunzi aliyeumwa koo, na wiki mbili tatu baadaye akavimba goti, kisha kifundo cha mguu, huambiwa nyumbani kwamba ni baridi ya asubuhi. Yawezekana ni homa ya baridi yabisi, ifuatayo maambukizo ya koo yaletwayo na bakteria. Viungo hupoa vyenyewe, na jua likapewa sifa, hali vali za moyo zimeharibika. Homa hiyo ikigunduliwa mapema, mtoto huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka kadhaa, ili isirudi.