Baba ana kisukari, mtoto ana kifafa: mnaingiaje baharini kuvua?

Barua imetoka Tanga. Aliyeandika ni baba wa miaka 46, anachoma insulini mara mbili kwa siku, na amenunua kayaki iliyotumika, ule mtumbwi wa plastiki wa kukalia juu ambao watalii hukodi ufukweni. Shule zikifungwa Juni anataka kwenda kuvua na mwanawe wa miaka 11. Mtoto ana kifafa, anameza dawa kila siku, na mara ya mwisho kuanguka ilikuwa miezi mitano iliyopita. Anauliza kama waende au wasiende.

Jibu langu ni hili: baba anaweza kwenda kwa masharti nitakayoyaeleza. Mtoto asipande kayaki Juni hii. Najua linauma, hasa kwa mtoto aliyekwisha kuahidiwa, lakini angalieni hesabu ya chombo hicho. Sukari ya baba ikishuka, mwokoaji ni mtoto. Mtoto akishikwa na kifafa, mwokoaji ni baba, ambaye huenda wakati huo anatetemeka na kuchanganyikiwa. Wagonjwa wawili kwenye chombo kimoja, bila mtu wa tatu mzima wa afya, hawana mtu wa kuwashika.

Tuanze na bahari yenyewe, maana dawa haisaidii kitu siku ikiwa mbaya. Juni ni kusi. Upepo huu huanza Aprili hivi, hushika nguvu wakati wa kipupwe kati ya Juni na Agosti, kisha hulegea kuelekea Oktoba. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi. Kati ya pepo hizo mbili kuna tangambili, kipindi ambacho bahari hutulia, ingawa ile ya Machi na Aprili huja na masika na dhoruba za ghafla. Kwa mtu mgeni wa kasia, Novemba ni bora kuliko Juni.

Hata ndani ya kusi kuna saa zake. Asubuhi na mapema upepo mara nyingi huwa mpole. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto, upepo wa baharini hujiunga na kusi, na kufikia adhuhuri maji yamechafuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, na wengi hudhani kwamba tahadhari isipotolewa basi bahari ni salama. Mtu wa kayaki hashindwi hapo, hushindwa mapema zaidi. Upepo wa kilomita 20 kwa saa unatosha kumtoa jasho jingi akijaribu kurudi dhidi yake, na jasho hilo kwa mtu wa insulini ni sukari inayoungua. Simama ufukweni uangalie: ukiona povu jeupe limetapakaa juu ya mawimbi huko mbele, rudisha kayaki nyumbani.

Jihadhari pia na bahari iliyotulia kwa sababu isiyo nzuri. Upande wa magharibi wa Unguja, kwa mfano, kusi hutokea nyuma ya kisiwa. Ufukweni maji ni kama ya beseni, lakini kila unavyosogea nje upepo unakusukuma mbali zaidi, na kurudi ndiko kunakokuwa kazi.

Baada ya upepo ni maji. Wavuvi wa pwani hawahitaji kufundishwa na daktari habari ya bamvua na maji mafu, ila aliyenunua kayaki mwaka huu anahitaji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Kwetu tofauti yaweza kukaribia mita 4. Katika siku hizo za bamvua maji hujaa alfajiri, kwenye saa 10 hivi, na kupwa kwenye saa 4 asubuhi. Anayeingia saa 12 au saa 1 anakuta maji yanatoka kwa nguvu, na kwenye mlango wa mwamba yanamvuta kwenda nje. Akitaka kurudi saa 4, mwamba uko juu, maji hayapo. Atasubiri yajae, na kufikia hapo upepo umekwisha amka. Safari ya saa tatu imekuwa ya saa nane, na chakula alichobeba kilikuwa cha saa tatu.

Siku za maji mafu, kama wiki moja baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, mambo hugeuka. Mkondo ni dhaifu na maji hujaa kwenye saa 4 asubuhi. Ukiingia saa 1 maji yanajaa, yaani yanakurudisha ndani, na ukirudi saa 4 unaelea juu ya mwamba bila kuukanyaga. Kwa huyu baba wa Tanga ningechagua siku hizo tu, ndani ya ghuba, na saa zisizidi tatu. Saa za maji hubadilika, kila siku husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo aangalie jedwali la maji au amuulize mvuvi wa mtaa wake siku moja kabla. Mvuvi hatakosea.

Sasa sukari. Kupiga kasia ni kazi ya mikono, mgongo na tumbo kwa wakati mmoja, na huteremsha sukari mtu akiwa bado kazini na hata saa nyingi baadaye. Wanaochoma insulini ndio walio hatarini zaidi, pamoja na wanaomeza vidonge kama glibenklamaidi. Anayetumia metformini peke yake hatari yake ni ndogo. Kabla ya siku hiyo zungumza na kliniki yako kuhusu dozi ya asubuhi. Mara nyingi hupunguzwa, lakini usijipunguzie mwenyewe, na usiruke kabisa. Kunywa chai na kula chakula kamili, kisha pima. Ikiwa chini ya 5, usiingie majini. Kula tena, subiri, upime tena. Ikiwa juu ya 14 na unajisikia vibaya, kiu kali au kichefuchefu, siku hiyo si yako.

Majini, sukari ya dharura iwe mwilini mwako na si kwenye ndoo ya chambo. Nimesikia wagonjwa wakisema wamebeba soda. Soda iko wapi chombo kikipinduka? Weka glukosi au sukari ya vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ndani ya mfuko wa jaketi lako, mahali unapopafikia kwa mkono mmoja. Ukihisi kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla au macho kutoona vizuri, acha kasia na ule hiyo sukari kwanza. Subiri dakika 15. Kisha kula kitu cha kukaa, kama mkate au kiazi, na urudi nchi kavu. Samaki aliyekwisha kushika ndoano si sababu ya kuchelewa.

Mwenzako lazima ajue dalili hizo. Mtu aliyeshukiwa sukari hujibu ovyo, hukasirika, huyumba, na wengi wamepita karibu yake wakidhani amelewa. Ndiyo maana nasema asiende peke yake. Amwombe jirani mwenye mtumbwi au ngalawa aende naye sambamba, mahali wanapoweza kusikilizana. Insulini iachwe nyumbani mahali pa baridi, kwani jua la baharini huiharibu. Na asikanyage mwamba pekupeku. Mwenye kisukari ambaye miguu imeanza kufa ganzi hukatwa na matumbawe bila kujua, na kidonda hicho huonekana siku kimeshaoza.

Tukija kwa mtoto, sitaki wazazi wasome hapa kwamba mwenye kifafa asiguse maji maisha yake yote. Hapana. Lakini uchambuzi wa watafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba hatari ya kufa maji kwa watu wenye kifafa ni mara 15 hadi 19 ya watu wengine. Kifafa kikimshika mtoto nyumbani, analala chini na kinaisha. Kikimshika majini hapigi kelele, hapungi mkono, anazama kimya. Miezi mitano bila kuanguka ni habari njema, lakini mimi ningependa ufike angalau mwaka mmoja, na daktari anayemtibu akubali, ndipo tuzungumzie chombo kidogo kama kayaki.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalifikirii. Uvuvi huamsha watu usiku. Mtoto anaamshwa saa 9 ili wawahi, hajalala vya kutosha, dozi ya asubuhi inasahaulika kwa haraka, kisha anatapika kwa mawimbi na kuitoa hata hiyo aliyoimeza. Kukosa usingizi na kukosa dawa ni vichochezi vikubwa vya kifafa, na vyote vimepangwa na safari yenyewe. Likizo hii mtoto avue kutoka ufukweni maji yakiwa ya kina kifupi, amevaa jaketi, na mtu mzima mmoja akae umbali wa kumfikia kwa mkono, kazi yake ikiwa hiyo tu. Asiwe ndiye anayetia chambo. Asiwe ndiye mwenye simu.

Kifafa kikimshika mtu akiwa majini, mshikilie kichwa na uso vikae juu ya maji, usimbane mikono wala miguu, usitie kitu mdomoni. Mtetemo ukiisha mtoe nchi kavu, mlaze kwa ubavu, angalia anapumua. Kama hapumui, mpe pumzi za mdomo kwanza kisha kandamiza kifua, huku wengine wakipiga 112. Hata akizinduka na kucheka, apelekwe hospitali, kwa kuwa huenda ameingiza maji kwenye mapafu.

Kuhusu majaketi: vizibao vya kuelea vinavyouzwa pamoja na kayaki hutengenezwa kwa mtu mwenye fahamu anayejua kuogelea. Humwelesha, lakini havimgeuzi uso juu akizimia. Kwa mtu wa kifafa, na kwa huyu baba wa insulini, tafuta jaketi la kuokolea maisha lenye kola nyuma ya shingo. La mtoto liwe la uzito wake, na mkanda upite katikati ya miguu. Liinue kwa mabega. Likimpanda hadi masikioni, halimfai.

Wengine nitawapitia kwa ufupi. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta ndani ya mfuko usioingiza maji, juu ya mwili. Anayemeza dawa za shinikizo la damu zinazokojoza asiruke dozi, ila anywe maji ya kutosha, na akifika ufukweni asisimame ghafla baada ya kukaa muda mrefu. Dawa nyingi za kuzuia kutapika chomboni huleta usingizi. Zijaribu kwanza ukiwa nyumbani. Mtoto mwenye selimundu asikae na nguo zilizoloa kwenye upepo wa kusi. Baridi, kiu na uchovu huleta yale maumivu makali ya mifupa, na maji ya uvuguvugu hayamlindi, kwani maji hupoza mwili haraka kuliko hewa.

Kwa wavuvi ambao bahari ni riziki na si likizo, najua hamchagui mwezi wala siku kama huyu mwenye kayaki. Basi angalau nahodha na wenzako kwenye chombo waambiwe ugonjwa wako na mahali ilipo dawa. Kuficha kifafa kwa kuogopa kukosa nafasi ni jambo ninaloliona sana kliniki, na ni hatari kuliko kifafa chenyewe.

Kwa baba wa Tanga: mwachie mkeo au jirani saa ya kurudi, saa 4 kamili, na umwambie ikifika saa 5 bila wewe aanze kupiga simu. Simu yako iwe kwenye mfuko usioingiza maji. Ukirudi, kula kabla ya kuosha kayaki. Pima sukari jioni, na upime tena kabla ya kulala, kwa sababu misuli iliyopiga kasia asubuhi huendelea kunyonya sukari usiku. Ikiwa chini ya 7 wakati wa kulala, kula kitu, na mtu wa chumbani mwako ajue kwamba leo ulikuwa baharini.